Tupeane uzoefu: wewe na tamasha la muziki la Sauti za Busara hapa Zanzibar mmeanza kuachana lini?

Mpwa wa Kiponda
Wikiendi ya Busara nilikuwa nyumbani. Sikusafiri, sikuumwa, na pesa ya kiingilio nilikuwa nayo. Nimekaa na chai yangu ya tangawizi, besi ya tamasha inatoka Ngome Kongwe inanifata mpaka chumbani, vioo vinatetemeka, mara nauona mkono wangu mwenyewe unafunga dirisha. Hapo ndo nikastuka. Mie huyu! Niliyekuwepo Februari 2004 mwaka wa kwanza kabisa, ambaye tokea hapo nimekosa mara moja tu na hiyo si kosa langu, maana 2016 lenyewe halikufanyika kwa kukosa fedha na nilikaa wiki nzima nimenuna kama nimefiwa. Leo nafunga dirisha kama yule mzee jirani yetu tuliyekuwa tunamcheka.

Hebu nambieni wenzangu mlioanza zamani. Mapenzi yalipoa lini, na nini kilitokea? Au ni mie tu? Tafadhali tusitukanane, tupeane uzoefu.

Darajani Mwisho
Umri huo shehe. Karibu chamani, kikao kila baada ya Isha.

Bi Mkubwa Kikwajuni
Mie bado nakwenda lakini saa nne nishatoka. Nasikiliza taarab ya jioni pale jua linapozama, nakula pweza wangu Forodhani, narudi kulala. Hayo ya saa sita usiku nawaachia wenye magoti.

Ila na mie nna siku yangu. Mliomuona Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa taarab, pale jukwaani mnajua nnachosema. Bibi kidogo, kanga kiunoni, hakuna anayeujua umri wake, akishika ngoma uwanja mzima wenyeji kwa wazungu wanasimama bila ya kuambiwa. Amefariki Aprili 2013. Februari iliyofata nikenda kama kawaida, nikakaa pale pale ninapokaaga, muziki mzuri tu sikatai, lakini nikajiona kama nimealikwa harusi ya watu nisiowajua. Nala biriani yao, bibi harusi simjui. Tokea hapo nakwenda kama mgeni.

Pwani Mombasa
Bi Mkubwa umenigusa wallahi. Sisi twaja kwa basi hadi Tanga, Tanga hadi Dar, kisha boti, mgongo umekufa, na twafika twacheka. Yule bibi ndiye aliyekuwa atuvuta.

Mzee wa Tandika
Umenikumbusha mbali mkuu. Ngoja nimwage yangu maana ni ndefu.

2010. Mimi na washkaji watatu tunatoka Dar tumejichanga, boti za kasi hatuziwezi, tukapanda ile ya polepole. Bahari ilichafuka aisee sijawahi kuona, mmoja wetu alitapika mpaka akaanza kutaja majina ya ndugu zake kama anaaga. Tunafika Unguja tumechoka hatuna rangi, jioni inaingia tunatafuta gesti, mji mzima giza! Giza totoro. Tukauliza kuna nini, jamaa wa bandarini anatuangalia kama tumetoka mwezini, anasema umeme umekatika mwezi mzima. Gesti tuliyopata haina maji maana pampu hazifanyi kazi, tumepewa ndoo moja watu wanne na mshumaa. Joto la Februari mnalijua. Nikasema hapa tumepotea, turudi.

Usiku tukajiburuza hivyo hivyo kwenda Ngome Kongwe, vichochoro vya Mji Mkongwe hata mkono wako huuoni, unasikia tu jenereta kila duka, moshi umejaa, mara tunakunja kona tunakuta ile ngome INAWAKA. Taa, spika, watu. Kila mtu yupo pale, wengine hata muziki hawana habari nao, wamekuja kukaa kwenye mwanga na wenzao. Mama mmoja kakaa na watoto wake chini ya ukuta anawamenyea machungwa. Kuna dogo anauliza watu wa mitambo kama anaweza kuchaji simu. Nilicheza usiku ule mpaka nguo ikakauka mwilini ikaloa tena.

Sasa tatizo ndo hilo. Nimeenda tena mara nne baada ya hapo. Taa zipo, maji yapo, gesti ina feni. Na kila mara narudi nasema dah, mbona haikunoga kama ile ya giza.

Fundi Baskeli
Mzee wa Tandika stori nzuri lakini usipotoshe. Mwezi mmoja ni ule wa 2008, Mei mpaka Juni. Ule wa kwako ulianza Disemba 2009 na umeme umerudi Machi 2010. Miezi MITATU.

Mzee wa Tandika
Mimi nimesema alivyoniambia jamaa wa bandarini.

Fundi Baskeli
Jamaa wa bandarini kakudanganya. Mie nilikuwa nauza barafu, nilikuwa, nikaacha kuuza barafu. Siwezi kusahau tarehe.

Mzee wa Tandika
Basi kaka yameisha, miezi mitatu. Pole kwa barafu.

Fidla Moja
Tuseme ukweli. Mapenzi yamepoa kwa sababu ule si muziki wa asili tena. Zamani unakwenda unasikia kidumbaki, unaona kibati ya Pemba, wagogo na zeze zao. Sasa hivi ni kompyuta na kijana anaruka ruka. Culture Musical Club wa taarab wapo tokea 1958, leo wanapewa saa ya watu kula.

Mtoto wa Mchiriku
Tumeanza. Mzee wangu hiyo saa ya jioni ndo saa ya taarab, huyo Bi Mkubwa hapo juu kaisifia. Na "asili" ipi unayosema? Kanuni, ile ala ya nyuzi, ilikuja na nani? Si Sultani Barghash aliyempeleka mtu Misri akajifunze? Na udi, na fidla hiyo uliyojiita jina, Wazaramo ndo waliichonga? Wakati wake hiyo nayo ilikuwa kelele ya kisasa.

Fidla Moja
Ilikuja ikakaa ikafunzwa ikaoa mjini hapa. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ni ya 1905. Singeli imekuja juzi.

Mtoto wa Mchiriku
Na wewe ulizaliwa juzi ukilinganisha na Ngome Kongwe, mbona tunakuruhusu kuingia?

Bi Mkubwa Kikwajuni
😂😂 Jamani mwenye uzi kasema msitukanane.

Pwani Mombasa
Mimi nimecheza singeli pale nikiwa na bui bui na sijafa. Ila Fidla Moja ana hoja, kidumbaki ile ya sanduku la besi wajua sijaisikia siku nyingi.

Baba Wawili
Mie mapenzi yangu hayakupoa, yalikatwa na kisu. Naandika hili kwa mara ya kwanza na natumia jina la bandia kwa sababu mtaona wenyewe.

Mwaka 2014. Mke wangu alikuwa ana harusi ya kwao, akanambia mchukue mdogo akaone gwaride la ufunguzi. Mtoto ana miaka mitano. Si mnalijua lile gwaride, watu wanakusanyika Kisonge, beni mbele, ngoma, wale wanaotembea kwa miti mirefu, kila skuli imetoka, mnashuka Darajani mpaka Forodhani. Nimemshika mkono. Wallahi nilimshika. Tumefika Darajani pale panapobana, simu ikalia, nikaachia sekunde ya kuitoa mfukoni. Sekunde. Nageuka hayupo.

Mwanzo unajiambia yupo nyuma ya yule mama. Hayupo. Yupo upande wa pili. Hayupo. Naita jina lakini tarumbeta zinapiga hata mie mwenyewe sijisikii, na watu wanacheka wanacheza wananivuta mkono nicheze nao, mtalii mmoja ananipiga picha! Nikaanza kurudi nyuma kinyume na msafara, watu wananisukuma, naangalia chini miguuni tu natafuta ndara nyekundu. Ndara nyekundu nyingi kuliko nnavyoweza kuzihesabu siku ile. Nikaingia sokoni, nikauliza wauza samaki, nikakimbia mpaka stendi ya daladala nikawa nachungulia ndani ya magari. Jua linashuka. Nafikiria bahari ilivyo karibu na Forodhani na vile vijana wanavyoruka pale ukutani. Nafikiria nitamwambia nini mama yake. Nimekaa pale kwenye ngazi za duka moja limefungwa nikalia mie mtu mzima, na tarumbeta nazisikia zinakwenda mbali.

Mwisho nikasema wacha nifate beni nione. Nafika nje ya Ngome Kongwe, wazee wa beni wamekaa wanakunywa maji. Kuna mkokoteni wamepakia ngoma zao. Juu ya mkokoteni, kwenye turubai, mwanangu. Kalala fofofo. Kofia ya beni imemfunika mpaka puani, mdomo una rangi ya ubuyu. Mzee mmoja ananiuliza "wako huyu? Kaifata ngoma kubwa tokea Darajani, tumemwambia apande maana anatutangulia". Nilitaka kumkumbatia na kumpiga yule mzee kwa wakati mmoja.

Mama yake hajui mpaka leo. Mtoto nilimpa hela ya aiskrimu tukakubaliana. Tokea mwaka ule nikisikia tarumbeta tumbo linakata. Ngomeni nikenda nakaa mgongo ukutani karibu na mlango, sichezi, nahesabu watoto wa watu.

Darajani Mwisho
Ya Rabi. Nimeacha chapati inaungua nasoma.

Mzee wa Tandika
Aisee. Mimi nilikuwa nalia ndoo ya maji.

Ukht Salama
Watoto unawaandika namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Mie wangu wote wanne.

Mtoto wa Mchiriku
Wino unatoka na jasho, mshonee kwenye fulana.

Fundi Baskeli
Mfunge kanga kiunoni, ncha moja kwako. Bibi zetu walikwenda Mwaka Kogwa hivyo hivyo na hakupotea mtu.

Fidla Moja
Au usimpeleke. Mtoto wa miaka mitano anafanya nini kwenye tamasha?

Mtoto wa Mchiriku
Anajifunza muziki wa asili, si ndo unavyotaka? Kapelekwa na beni mwenyewe.

Mzaliwa Mkunazini (Muscat)
Mimi niko Muscat mwaka wa kumi na tatu, Busara naiona kwa simu. Nyie mnaolalamika mnaweza kuipata kwa miguu. Nikiona ule ukuta wa ngome nyuma ya msanii nazima sauti, naangalia ukuta tu. Baada ya lile jumba la Beit al Ajaib kuanguka pale jirani ile Disemba 2020, nikasema wacha niombe likizo ya Februari. Sikupewa. Wakafanya siku mbili tu mwaka ule na korona yote, mie niko dukani nahesabu mizigo.

Bi Mkubwa Kikwajuni
Njoo mwanangu, utalala kwangu. Pole. Mie mwaka ule wa 2021 nilikwenda, lile jengo limemeguka unaliona kama mtu kang'olewa jino. Sikuweza kuangalia upande ule.

Ndimu na Chumvi
Samahani, nimeletewa huu uzi na wifi yangu. Baba Wawili, huyo mtoto alivaa fulana ya njano ina gari mbele?

Darajani Mwisho
😳

Mzee wa Tandika
Naomba kiti hapa.

Baba Wawili
Wewe nani?

Ndimu na Chumvi
Mtu aliyekuwa kwenye harusi ya kwao.

Ukht Salama
Innalillahi. Chapati iungue tu.

Mpwa wa Kiponda
Jamani uzi ulikuwa wa tamasha...

Darajani Mwisho
Mwenye uzi funga dirisha.

Baba Wawili
Mama N, hebu nipigie.

Ndimu na Chumvi
Sikupigii, nipo jikoni na wewe upo sebuleni. Naandika hapa hapa na wenzako wasome. Nimejua tokea usiku ule ule. Nimemvua nguo nimkoshe, akanambia "mama leo nimelala juu ya ngoma na babu kanipa ubuyu, baba alikuwa analia lakini usiseme". Hela ya aiskrimu umetapeliwa. Nimekaa kimya miaka yote hii nangoja uniambie mwenyewe, kila Februari nakuuliza "hutuchukui Busara?" unasema bei imepanda.

Fundi Baskeli
Bei imepanda kweli lakini.

Ndimu na Chumvi
Wewe nyamaza, mwenyeji halipi bei ya mgeni.

Bi Mkubwa Kikwajuni
Mwanangu umemuweka mwenzio roho juu miaka yote hiyo?

Ndimu na Chumvi
Bibi, alinipa mtoto mzima na hajapungua kitu. Kusema kweli nilimhurumia. Lakini huyo mtoto sasa hivi ni bwana mkubwa, anapiga trampeti skuli, kila siku baba yake anamfokea nyumba ina kelele. Nilikuwa sifahamu kwa nini anamkatia vile. Leo ndo nimefahamu.

Pwani Mombasa
Trampeti! Yaani wale wazee walimroga.

Fidla Moja
Hongera kwa mtoto. Beni ni muziki wa maana.

Mtoto wa Mchiriku
Beni nayo ilikuja na wazungu mzee wangu, basi tu.

Baba Wawili
Nimesoma. Nipo hapa sebuleni. Sina la kusema.

Ukht Salama
Sema mwakani mtakwenda wote.

Ndimu na Chumvi
Mwakani nakwenda mie na mwanangu. Yeye abaki, ana dirisha la kufunga kama mwenye uzi.

Mpwa wa Kiponda
Mie nimeingizwaje tena?

Mzee wa Tandika
Wakuu, na mimi nauliza tu maana nataka kujichanga mapema. Ramadhani si ndo inaingia Februari miaka hii, tamasha litasogezwa mbele au nyuma? Na ile boti ya polepole ya usiku bado ipo?

Fundi Baskeli
Panda ya kasi. Umri huo.