Mrejesho: tangu tumzike baba mdogo silali
Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza wiki tatu nyuma kwamba tangu tumzike baba mdogo nikifumba macho naona mwanandani tu (pale ndani ya kaburi anapolazwa maiti), na swala nilishaacha miaka, nifanyeje. Wengi mlinambia nisikae nayo kichwani niende kwa ustadhi. Nimeenda. Akanisomea Kurani, sura ya Taha aya ya 55, kwamba kwenye ardhi tumeumbwa, humo tunarudishwa na humo tutatolewa tena, jamani hiyo "tutatolewa tena" nilikuwa sijawahi kuisikia vizuri, siku ile narusha udongo mara tatu mi niliona shimo tu. Akanambia anza na alfajiri. Nimeanza, kuna siku inanipita nailipa nikiamka.

Kingine, marehemu aliacha deni dukani, 84,000, na deni la maiti si la kuchezea, tukachanga na wanawe tukalimaliza. Mwenye duka akachana ule ukurasa wa daftari akanipa, una mwandiko wa baba mdogo mwenyewe, sukari kilo moja, sabuni, betri za redio. Nililia palepale. Ninao kwenye pochi.

Usingizi haujakaa sawa, ila juzi nimelala mpaka adhana. Asanteni sana.