Wakwe wanakuja Sabasaba, nataka kuwatoa nje ya Dar: Lushoto au Morogoro?

Kibarua wa Goba:
Habari za jioni wakuu. Wakwe zangu wanatoka Bukoba, wanakuja kwa ajili ya Sabasaba. Maonyesho tutayamaliza siku moja. Bahari nayo baba mkwe ameshaniambia kwenye simu kwamba ni ziwa lenye chumvi tu, yeye anataka milima. Nina Noah, nina siku tatu za ruhusa kazini, na ndani tutakuwa watu sita pamoja na watoto. Mama mkwe magoti yanamsumbua, kwa hiyo kukwea mlima kwa miguu hapana. Mimi nafikiria Lushoto, wife anasema Morogoro. Njia ipi ina vya kuangalia, siyo kufika tu? Na Noah itapanda?

Konda Mstaafu:
Noah inapanda vizuri, lami mpaka Lushoto mjini. Ila mkuu, usipitie Kibaha na Chalinze, malori yatakumaliza hamu kabla hujaona mlima. Wewe uko Goba, tokea Tegeta, Bunju, Bagamoyo, halafu shika lami ya Kiwangwa utokee Msata. Pale unakunja kulia kuelekea Segera. Bagamoyo simama Kaole, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na ule mbuyu ambao watu huuzunguka eti waongeze umri. Wazee wanapapenda, na hakuna kupanda mlima. Kiwangwa chukua mananasi.
Kuanzia Msata heshimu vibao vya 50. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, kosa moja shilingi elfu 30, na kuandikiwa mbele ya baba mkwe siyo mchezo.

Binti Luguru:
Shemeji hapo yuko sahihi jamani. Siku tatu na wazee, kwa nini mteseke na kona? Pandeni treni ya SGR asubuhi, hamjakaa vizuri mmeshafika Moro. Stesheni iko Kihonda, mnakodi gari. Kesho yake Mikumi. Hata msipoingia getini, barabara ya Iringa inakatiza hifadhi kilomita kama 50, twiga na pundamilia mnawaona mkiwa kwenye lami. Hamruhusiwi kushuka, na ukigonga mnyama faini yake utauza hiyo Noah.

Kibarua wa Goba:
Hoja nzito hii. Lakini mzee kasema milima, na Uluguru mtu asiyeweza kutembea anaishia kuitazama kutoka mjini, au nakosea?

Binti Luguru:
Hapo umenibana. Morningside, kule juu Uluguru kwa kupanda kwa miguu, kwa magoti hayo hapana.

Mghosi wa Soni:
Njooni nyumbani. Burudani inaanzia Mombo, ukiacha barabara kuu ya Moshi. Kutoka pale mpaka Lushoto ni kilomita 33 tu, ila ni kona mwanzo mwisho: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Piga honi kila kona usiyoona mbele, maana Coaster za huku dereva anaijua njia kuliko anavyokujua wewe. Maporomoko ya Soni yako kando ya barabara, mama anayaona bila kutembea. Simameni hapo mle mahindi ya kuchoma. Plamsi mwezi wa saba sahau, hizo ni za mwisho wa mwaka.
Siku ya pili nendeni Irente. Nendeni alasiri, asubuhi ukungu unaweza kuziba kila kitu. Gari inafika karibu kabisa na ukingo. Chini unaona mashamba ya mkonge na barabara ya Moshi imelala kama uzi, mabasi huyasikii. Mkirudi piteni shamba la Irente, wana jibini, jemu na mkate mweusi.
Mtae ni pazuri kupita kiasi, kijiji kiko ukingoni na chini ni nyika ya Mkomazi. Lakini barabara ni mbovu, na kwa siku zako tatu usijaribu.

Kibarua wa Goba:
Asante mghosi. Mtoto mmoja anatapika garini. Na kushuka je?

Mghosi wa Soni:
Mkae chai nyepesi Mombo, supu ya mbuzi iacheni mpaka juu. Mtoto akae safu ya katikati atazame barabara mbele, siyo simu. Kushuka weka gia 2 au L, injini ikushikie gari. Ukikanyaga breki njia nzima zinachemka, utasikia harufu kabla hujafika Mombo. Na usipande usiku, hata kama umechelewa. Laleni Korogwe.

Konda Mstaafu:
Naunga mkono hilo la Korogwe. Ondokeni Goba saa kumi na moja alfajiri, Kaole msimalize saa mbili nzima.

Kibarua wa Goba:
Wife kakubali Lushoto, Moro tutaenda na treni mwezi wa nane bila wakwe. Masweta nawaambia wabebe?

Mghosi wa Soni:
Masweta, soksi, na mzee abebe koti lake la Bukoba. Julai huku tunaota moto.