Tupeane uzoefu: vitu vya mtu aliyekuacha, uliviweka au ulivitoa sadaka?

Binti wa Tandika

Habari zenu wote, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 22, naishi Tandika na bibi yangu, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi huko Posta. Mwezi wa tatu niliachwa. Tulikuwa pamoja miaka miwili na nusu, akanipigia simu akasema moyo wake umeshahama, basi. Nguo zake alimtuma mdogo wake azifuate. Kilichobaki kwangu ni boksi la vitabu 14.

Yule kaka ndiye aliyenifanya nipende kusoma. Shuleni nilikuwa nasoma nifaulu tu. Jumamosi tulikuwa tunapita kwa wale wauza vitabu vya mtumba huku mjini, tunachagua kimoja cha 2,000 au 3,000, wiki hii anasoma yeye, wiki ijayo nasoma mimi, halafu tunabishana hadi daladala inajaa na kuondoka sisi bado tupo kituoni.

Juzi nikaamua boksi zima liende kituo cha watoto yatima jirani na kwetu. Nikasema iwe sadaka, na moyo upoe. Nikaanza kufuta vumbi kimoja kimoja. Kuna kimoja kinahusu vita vya Kagera, ndani yake nikakuta tiketi ya mwendokasi, ile karatasi laini. Wino umefutika wote, hata tarehe haisomeki. Ilikuwa pale pale alipoishia kusoma. Nilikaa nayo sakafuni mpaka bibi akaita kutoka nje kwamba maharage yanaungua.

Usiku nikaanza kukisoma, kuanzia pale alipoachia yeye. Marehemu babu alikwenda vita ile. Miaka yote tukimuuliza alikuwa anajibu neno moja tu, "Tulitembea." Sisi watoto tukadhani ni uzee. Sasa nimesoma jinsi daraja la Kyaka lilivyolipuliwa na watu wa ng'ambo ya mto wakabaki mikononi mwa majeshi ya Amin, na jinsi vijana wetu walivyokwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia hadi Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Nilifunga kitabu saa 8 usiku, nalia, na sijui nilikuwa namlilia nani kati ya wawili hao.

Kukitoa siwezi, kukaa nacho kinaniumiza. Wenzangu mliopitia haya mlifanyaje?

Chumvi Nyingi

Pole mdogo wangu. Choma vyote, kesho utaamka mwepesi.

Mama Swaumu

Usichome, mwanangu. Mimi niliachwa na doti sita za kanga, nzuri kabisa, moja imeandikwa NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Aliinunua mwenyewe bila kusoma. Nilizitoa zote kwa familia moja iliyounguliwa nyumba. Mwaka uliofuata nipo kwenye kivuko cha Kigamboni, namwona mama mbele yangu amembeba mtoto mgongoni kwa kanga ile ile. Mtoto amelala, shavu lake liko juu ya neno DHAHABU. Nilimwangalia hadi tukafika ng'ambo. Siku ile ndipo niliachwa kweli, na sikuumia tena.

Kobe wa Mtoni

Umenigusa, mama.

Ustadhi wa Buguruni

Binti, nakuonya kwa wema. Aya ya 92 ya Surat Aal Imran inasema hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Wewe unatoa ili uondokane na mtu. Huko ni kusafisha chumba, usikuite sadaka.

Chumvi Nyingi

Ustadhi, mwache mtoto wa watu apumue. Mwenye njaa hakuulizi nia yako ilikuwa ipi wakati wa kununua mchele.

Ustadhi wa Buguruni

Mwenye njaa haulizi, ila Mwenyezi Mungu anauliza. Na vitabu siyo mchele.

Kobe wa Mtoni

Kwani umesoma alichoandika? Anavipenda! Hiyo ndiyo shida yake yote. Kwa hesabu yako wewe, sadaka yake ingekuwa bora kuliko ya kwangu na ya kwako.

Mlezi wa Zamu

Naomba niongee kama mtu wa ndani. Nafanya kazi kwenye kituo cha watoto hapa Dar, jina naliacha. Dada, kabla hujabeba boksi, piga simu uulize.

Ramadhani na Krismasi tunajaa. Mchele, soda, biskuti, keki, watu wanapiga picha na watoto na kuondoka. Kuna mtoto wetu wa miaka 9 aliniuliza, "Dada, wale wa leo wanataka tutabasamu au tuimbe?" Nilishindwa kumjibu. Januari hatumwoni mtu, na Januari ndiyo shule zinafunguliwa. Hapo ndipo tunahitaji kaunta buku, kalamu, viatu, sabuni ya kufulia, na taulo za kike kwa mabinti waliokua, kitu ambacho wafadhili wanaona aibu kununua. Vitabu tunavyo stoo, maboksi mengi. Vya uhasibu, vya sheria, vingine lugha hata sisi hatuijui. Mtu kahama nyumba kakumbuka yatima. Panya ndio wanaosoma.

Ukiwa na hadithi za Kiswahili ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma mwenyewe, hizo zilete hata leo jioni. Watapigania.

Chumvi Nyingi

Hapa nimenyamaza.

Mzee wa Ilala

Marahaba mjukuu wangu. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 2 Novemba, baba yangu alikuwa na redio ya mbao, mtaa mzima ukajaa uani kwetu. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sisi watoto tuliimba maneno hayo wiki nzima bila kujua maana yake.

Halafu ikaja michango. Wenye ng'ombe walitoa ng'ombe, wenye malori wakatoa malori. Mama alitoa sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia pilau ya watu mia, na aliipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Aliisugua kwa mchanga na majivu ikang'aa ndipo akaipeleka. Nilimuuliza kwa nini anaisugua wakati haitarudi. Akasema, "Nitampaje mtoto wa mwenzangu chakula kwenye sufuria chafu?"

Vita vilipokwisha tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Wenzangu wa rika langu mnajua miezi ile ilikuwa na miaka mingapi. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na unga wa yanga wa msaada, mahindi ya njano, ugali wake tuliula tumefumba macho. Kwa hiyo mimi nimekuwa upande wa mtoaji na upande wa mpokeaji, na mama yangu alipika ule wa njano kwa heshima ile ile. Soma kitabu hicho mpaka mwisho, mjukuu wangu. Babu yako alitembea kweli.

Dereva wa Ukonga

Nilikuwa napita tu, ila mambo ya vita na kuachwa yamenirudisha mbali. Samahani kwa urefu.

Sijawahi kwenda vitani. Lakini usiku wa Jumatano tarehe 16 Februari 2011 nilikuwa Gongo la Mboto kwa mchumba wangu, na aliyekuwepo anajua. Tulikuwa tunakula. Mlio wa kwanza tukadhani transfoma. Wa pili dari ikaachia, vumbi likamwagikia mbogani. Wa tatu anga likawa jekundu kama asubuhi imekuja vibaya. Mabomu ya Mbagala ya Aprili 2009 yalikuwa bado vichwani mwa watu, hakuna aliyeuliza ni nini. Mtaa mzima ulikimbia. Mzee mmoja kakumbatia cherehani, haiachii.

Tulishikana mikono, mimi na yeye, tukafuata barabara kuelekea mjini. Kabla ya Ukonga nikamwona mtoto wa miaka kama minne amesimama katikati ya barabara peke yake. Halii. Ana kijiko mkononi, kina ugali umekaukia. Watu wanampita kulia na kushoto. Nikamwachia mchumba wangu mkono, nikainama, nikamnyanyua yule mtoto. Zilikuwa sekunde tatu. Nilipogeuka, mchumba hayupo.

Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Simu haziendi. Nikaenda na mtoto mabegani hadi Tazara, kutoka pale tukafuata umati hadi Uwanja wa Uhuru. Njia nzima hakutaja jina lake. Mkono mmoja kashika sikio langu la kushoto, mkono wa pili ni kijiko, na kila mlio ukisikika ananigonga nacho kichwani taratibu, kama anahesabu. Asubuhi alikuja mama yake, miguu peku, imevimba. Hakuniambia asante. Alimnusa mwanawe utosini, akakaa chini pale pale.

Mchumba wangu nilimpata mchana kwa shangazi yake Kipawa. Mzima, kakanyagwa mguu tu. Nikamkimbilia, akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Uliniachia." Nikamweleza habari ya mtoto. Akasema, "Najua. Nilikuona."

Tulivumiliana miezi minne, tukaachana. Nusu ya mahari nilikuwa nimeshatoa. Watu zaidi ya 20 walifariki kwa mabomu yale, na mimi mpaka leo nikiamka usiku ni kwa sababu ya ule mkono.

Kobe wa Mtoni

Mungu wangu.

Jogoo la Shamba

Pole, ila tuwekane sawa, ile haikuwa vita. Ilikuwa ajali ya ghala la silaha.

Dereva wa Ukonga

Nimeandika mwanzo kabisa kwamba sijaenda vitani. Lakini wewe usiku ule ulikuwa wapi?

Jogoo la Shamba

Nilikuwa Moshi.

Mama Swaumu

Basi kaa kimya, baba. Sisi wa Mbagala na wenzetu wa Gongo la Mboto tuache tuite tunavyojua.

Rehema wa Sinza

Nitasema ambacho hamtaki kusikia. Yule dada alikuwa na haki. Ukimshika mtu mkono gizani, watu wanakimbia, mabomu yanalia, yeye dunia yake yote iko kwenye mkono huo. Kaka alifanya jambo jema, sikatai. Lakini wema wake alilipia nani? Aliyelipa ni yule dada. Tunapenda kumsifu mtoaji na tunamsahau aliye nyumbani kwake.

Chumvi Nyingi

Yaani angemwacha mtoto akanyagwe? Wewe dada una moyo wa chuma.

Rehema wa Sinza

Sijasema amwache. Nimesema asishangae. Baba yangu alisaidia kila mtu pale mtaani, alilipia ada watoto wa watu wawili. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada darasani wote wananiona. Mpaka leo wakija watu kumsifia kwenye misiba natoka nje.

Dereva wa Ukonga

Dada Rehema hajakosea. Nami nilichelewa kumwelewa. Kila nilipomweleza nilikuwa naeleza habari za mtoto. Hata siku moja sikumuuliza yeye alikimbiaje peke yake kutoka pale hadi Kipawa. Miaka mingi imepita na sijui.

Ustadhi wa Buguruni

Kaka, kamuulize. Kama ameolewa, mwombe mumewe ruhusa.

Chumvi Nyingi

Usimuulize! Utavunja nyumba ya watu.

Mzee wa Ilala

Muulize shangazi yake wa Kipawa. Shangazi huwa anajua.

Binti wa Tandika

Nimerudi. Nimesoma kila mmoja wenu, baadhi mara mbili. Kaka wa Ukonga, nilisoma yako asubuhi nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje. Nikaenda kusimama pale kwenye Sanamu ya Askari. Napita pale kila siku tangu nianze kazi na sikuwahi kusoma maandishi yake. Ile iliwekwa mwaka 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana vita vya kwanza vya dunia. Wametajwa askari, halafu wametajwa wapagazi, kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina hata moja la mpagazi hakuna. Nikamkumbuka babu, na nikamkumbuka yule mtoto juu ya mabega yako na kijiko chake.

Kuhusu boksi. Nilipiga simu kituoni kama mlivyoshauri. Mama mlezi alicheka kwa furaha, akasema ni mara ya kwanza mtu kumuuliza. Nilipeleka hadithi tano za Kiswahili. Nane nilizirudisha kwa muuza vitabu aliyetuuzia, akanipa 11,000, nikaongezea yangu nikanunua kaunta buku 12 na sabuni. Nimewaahidi kurudi Januari. Sijapiga picha.

Cha Kagera nimebaki nacho. Ustadhi, nisamehe, hicho bado sijaweza.

Nimeanza kumsomea bibi baada ya Isha. Jana tulifika mahali pa mvua na matope, njia ya kuelekea Masaka, akanishika mkono, akasema, "Hapo. Hapo ndipo barua zake zilipokatika." Alikaa miezi mitatu bila habari, mama yangu akiwa tumboni. Miaka 22 nimelala naye chumba kimoja na hakuwahi kuniambia. Akanieleza alivyokuwa anakwenda kila Ijumaa kwa jirani mwenye redio, hasikilizi maneno, anasikiliza sauti ya mtangazaji kama inatetemeka.

Akaniambia nisome tena ukurasa ule.

Mama Swaumu

Msalimie sana bibi. Na ile tiketi?

Binti wa Tandika

Ipo. Ndiyo tunayowekea alama. Jana usiku niliihamishia ukurasa wa 112.