Mwenye asilimia 20 ana sauti gani katika kampuni zetu za migodi?

Mwana wa Kamalondo
Ndugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, naomba tujadili jambo hili bila matusi. Upande wetu, yaani Gécamines, kampuni ya madini ya Dola letu la Kongo, una asilimia 20 ya hisa za mgodi wa Tenke Fungurume, ambako CMOC ya China ina 80, na asilimia 25 za mgodi wa Kamoto, ambako Glencore ya Uswisi ina 75. Kila tunapouliza habari za gawio, yaani sehemu yetu ya faida, tunajibiwa kwamba kampuni bado inalipa madeni. Je, sheria yetu ndiyo inayomnyima sauti mwanahisa mdogo? Mimi nasema ndiyo, na inafaa ibadilishwe. Ujerumani, tangu sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 hupewa baraza la usimamizi ambalo nusu ya wajumbe wake huchaguliwa na wafanyakazi. Kwa nini hapa kwetu mwenye hisa nyingi aamue peke yake?

Wakili wa Kampemba
Ndugu yangu, sheria unayoilaumu hujaisoma. Tangu Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria ya kampuni ya OHADA, iliyorekebishwa 2014, inadai theluthi mbili za kura ili katiba ya kampuni ibadilishwe, maana yake mwenye zaidi ya theluthi moja anaweza kuzuia. Tena mwenye sehemu ya kumi tu ya mtaji ana haki ya kumwomba hakimu ateue mtaalamu wa kuchunguza tendo lolote la uendeshaji analolitilia shaka. Asilimia 20 ni mara mbili ya kiwango hicho. Kasoro iko kwetu sisi, tuliozoea kungoja posho ya kampuni kama watoto wanaomngoja baba. Hata wale wafanyakazi wa Gécamines waliopewa pesa za kuondoka mwaka 2003 walizimalizia baa, na leo tunashangaa kwamba hakuna anayejua kusoma mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni.

Mama wa Katuba
Wakili, ulianza kama msomi ukamaliza kama mlevi. Watu zaidi ya 10,000 waliondolewa Gécamines katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wengi wao wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi, na pesa walizopewa zililipa madeni ya unga na karo kabla hazijafika kwenye baa yoyote. Kabla ya kuwahesabia chupa, tuambie ni mchimbaji gani aliyekaa kwenye bodi siku kampuni ilipokuwa inaanguka.

Kijana wa Ruashi
Naona Wakili anayajua mahesabu ya baa za 2003 vizuri kuliko mizania anayotudai tuisome. Lakini Mwana wa Kamalondo naye ametuuzia nusu ya habari. Katika kampuni hizo za Ujerumani kura zikilingana, mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wanahisa, anapiga kura ya pili, kwa hiyo neno la mwisho linabaki kwa wenye mali. Ukitaka maajabu nenda Marekani: Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, ana sehemu ndogo ya hisa za Meta, kampuni inayoimiliki, lakini kwa sababu hisa zake ni za daraja lenye kura kumi kila moja, anashika zaidi ya nusu ya kura zote. Huko mwenye hisa chache ni mfalme, na hapa ni msindikizaji.

Wakili wa Kampemba
Sikumtukana mzazi wa mtu. Nilikulia mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na ninayasema niliyoyaona, na asiyetaka kuyasikia aseme hivyo waziwazi, asijifiche nyuma ya Benki ya Dunia.

Mzee wa Likasi
Wanangu, acheni bia, kwa sababu mnapita kando ya jambo lenyewe. Mwaka 1967 tuliichukua Union Minière yote, kampuni ya Wabelgiji iliyokuwa ikichimba shaba yetu kabla ya Gécamines, asilimia 100, na bado usimamizi wa kiufundi na mauzo ya shaba vilibaki kwa mkataba mikononi mwa kampuni ya Ubelgiji, ndugu wa yule tuliyemnyang'anya. Tulikuwa na hisa zote, lakini bei tulikuwa tunaisikia kutoka Brussels. Na Kamoto, kama sikosei mwaka 2017, ilikuwa na deni la mabilioni kwa wenye kampuni wenyewe. Mwenye kukukopesha na kukuuzia mali yako hahitaji kura yako.

Kijana wa Ruashi
Ilikuwa 2018, Mzee. Mwezi wa Aprili Gécamines ilienda mahakamani kuomba Kamoto ivunjwe kwa sababu madeni yalikuwa yamekula mtaji, na mwezi wa Juni Glencore ilikubali dola bilioni 5.6 za deni zigeuzwe hisa, huku asilimia 25 zetu zikibaki bila kupunguzwa.

Mama wa Katuba
Ametaja mtaa wa Kenya kana kwamba sisi wengine tulikulia Brussels. Haya, Wakili, sheria ya madini ya 2018 inataka asilimia 10 ya mtaji wa kampuni inayoomba kibali cha kuchimba iwe mikononi mwa raia wa Kongo. Mimi muuza unga nitazinunua wapi hisa hizo, nchi isiyo na soko la hisa? Jirani yetu Mzambia ananunua hisa za ZCCM-IH, kampuni inayoshika hisa za dola lao migodini, kwenye soko la Lusaka.

Wakili wa Kampemba
Usiisifu sana Zambia, Mama. ZCCM-IH hiyo hiyo, yenye takriban asilimia 20 za kampuni ya shaba ya Konkola, iliomba mahakama iifilisi Konkola mwaka 2019 ili Vedanta, mwenye hisa nyingi, iondoke; baada ya miaka ya kesi na ukosefu wa mtaji, Vedanta ikarudishiwa mgodi. Hata Tenke, mwaka 2022 mahakama ya hapa Lubumbashi iliteua msimamizi wa muda na shaba ikazuiwa kutoka, hadi CMOC ilipokubali mwaka uliofuata kulipa dola milioni 800 kwa awamu. Asilimia 20 ndizo zilizoyafanya hayo yote.

Mwana wa Kamalondo
Basi swali langu sasa ni hili: hizo milioni 800 zikiingia Gécamines, nani ana haki ya kuuliza zimefanya kazi gani?

Wakili wa Kampemba
Kisheria ni mwanahisa wake, na mwanahisa wake ni mmoja tu, yaani Dola.

Mama wa Katuba
Kwa hiyo ile haki yako ya mwenye sehemu ya kumi inafika Tenke na Kamoto, lakini inakomea mlangoni pa Gécamines, kwa kuwa hapo hakuna raia mwenye hata hisa moja. Na hao wa 2003 uliowacheka ungewafundisha kusoma mizania gani, ambayo wangeipata kwa nani?