Treni ya kampuni moja kwenye reli ya mwingine, imekaaje hii?

Kijana wa Stesheni: Wakuu shikamooni, nipo Tabora hapa njia inapogawana ya Kigoma na ya Mwanza, eti Marekani kampuni ya mizigo inapitisha treni zake kwenye reli ya mpinzani wake kabisa??

Fundi Mataruma: Marahaba. Kweli, 1996 kampuni ya reli ya Union Pacific walipomeza mwenzao Southern Pacific ikaonekana wateja watabanwa kwa kubaki na kampuni moja, basi wapinzani wao BNSF wakapewa haki ya kupita kama maili 4,000, injini yao dereva wao, ila wanalipia njia.

Mama Dagaa KG: Mwenye reli si atakupaki pembeni zake zitangulie 😂

Fundi Mataruma: Hapo ndo penyewe mama, anayepanga treni ipi ipite kwanza ni mwenye reli, malalamiko hayaishi, wengine bora wazunguke mbali kwenye reli yao.