Vesi za Skandinavia za zamani nimeachiwa Shela, nizipange kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) ama niuze?

BintiMkomani

Assalam aleikum jamani. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye nyumba moja Shela, hapa Lamu, mwenyewe mama mtu mzima wa Denmark, mwezi uliopita ameuza nyumba karudi kwao kwa watoto wake. Siku ya kuondoka kanipa sanduku kaniambia hizi zilikuwa za mamangu, sitaki zipotee, zitunze wewe. Kufungua, vesi tatu za maua za zamani. Nikazifunga kwa leso mbili na makumbi ya nazi nikampakia punda, nikangoja maji yatoke tukapita ufuoni, mimi natembea ubavuni mwake mkono uko juu ya sanduku mpaka nyumbani Mkomani.

Sasa niwaelezee. Ya kwanza ya kioo, kijani kilichokoza, imepanda mapindo mapindo kama bangili zimepangwa moja juu ya nyingine, nyengine pana nyengine nyembamba, na mdomo wake umekatwa sawasawa. Chini haina maandishi yoyote. Ndani ina ukungu mweupe, nimeosha kwa sabuni mara tatu hautoki. Ya pili ni ndogo, ya kioo pia, rangi ya moshi, nzito kushinda unavyoiona, na chini imekwaruzwa kitu lakini macho yangu hayasomi. Ya tatu ya udongo, kahawia, haing'ai, rangi imeteremka vistari vyembamba sana kama manyoya ya paka mgongoni, ukiipitisha kidole ni laini hutaki kuiacha.

Kijana wangu ataka niuze, kuna mtu apita majumbani kununua vitu vya zamani asema atatoa elfu mbili zote tatu. Halati yangu, dadake mama, naye asema zidaka ni za sahani za Kichina na vyombo vya wazee, hivi vya kizungu havina mahali pale. Mimi sitaki kuziuza kwa kweli, yule mama tumekaa vizuri. Lakini nataka nijue ni nini nilicho nacho, na nikiziweka niziweke wapi zisivunjike, na ule ukungu watoka vipi?

VyomboMalindi

Waaleikum salaam dada. Jambo la kwanza, huyo wa elfu mbili mwambie subiri. Mimi niko Malindi nauza vyombo vilivyotumika mwaka wa kumi na tisa sasa, nyingi natoa kwenye nyumba za Wataliano wanaohama, na nakwambia watu wanaopita nyumba kwa nyumba wanajua zaidi ya wanavyosema. Mtu akitaja bei ya zote pamoja haraka haraka ujue kuna moja hapo anaitaka.

Sasa huku kwetu Malindi kuna mkanganyo mmoja mkubwa. Vioo vingi vya rangi hapa vimetoka Italia, Murano kile kisiwa cha Venice na pia Empoli karibu na Florence, na hivyo vya Empoli vya miaka ya 60 vingine vinafanana kabisa na vya Skandinavia, rangi moja nzito, mistari ya wima au ya kuzunguka, mpaka wauzaji wakubwa wanakosea. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie "ni ya Uswidi" ama "ni Murano" kwa kuangalia rangi tu. Igeuze. Chini ndiko kwenye habari yote.

Chini angalia vitu hivi. Kuna kovu katikati, kama kitovu, limesuguliwa au limeachwa vivyo hivyo? Hapo ndipo fundi alipoishikilia kwa chuma akimaliza mdomo. Zilizopuliziwa ndani ya kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo, mara nyingi hazina kovu hilo, chini ni bapa na mdomo umekatwa halafu ukasuguliwa, kama unavyosema ya kwako ya kijani. Halafu angalia mikwaruzo ya kukaa mezani. Kitu kilichokaa miaka 60 kina mikwaruzo midogo midogo inakwenda kila upande, na iko pale tu kinapogusa meza, pete nyembamba. Ukiona mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja na imejaa mpaka katikati, hapo mtu amepiga msasa.

Nakwambia haya kwa uchungu. Mwaka wa nne wangu kazini niliuza kibakuli kimoja cha kioo cha moshi kwa bei ya glasi za chai, sikugeuza hata mara moja, na mnunuzi alipokigeuza mbele yangu baada ya kulipa nikaona mwandiko. Tangu siku ile hakuna kitu kinatoka dukani kwangu sijakigeuza juani. Hiyo yako ya pili dada, isome kwanza kabla hujaongea na mtu yeyote.

MwanaAmu_Göteborg

Shoga umenitia hamu! Mimi mtu wa Langoni, hapo Amu (Lamu), lakini niko huku Uswidi mwaka wa tisa, na kila Jumamosi ya kiangazi niko loppis, ndiyo masoko yao ya vitu vya zamani, watu watandika vyombo nje kama vile sisi twatandika mitumba. Kwa hivyo nitakwambia nijuavyo.

Ya kijani yenye bangili, kwa maelezo yako yaelekea Finland, kiwanda cha Riihimäki. Wengi wasema Skandinavia wakichanganya na Finland, wenyewe Wafini watakurekebisha, lakini madukani zote ziko rafu moja. Pale Riihimäki walikuwako wanawake watatu wabunifu hodari, Helena Tynell, Nanny Still na Tamara Aladin, na hizi za mapindo ya kuzunguka nyingi ni za Tamara Aladin, alikuwa pale kutoka 1959 mpaka 1976. Kutokuwa na maandishi kusikuvunje moyo, nyingi zilikuwa na kikaratasi cha gundi tu na kikaratasi kikibanduka basi. Angalia ukingo wa mdomo dhidi ya mwanga: ukiona tabaka mbili, rangi ndani na kioo cheupe kama maji nje, hiyo ni dalili nzuri, ingawa kama alivyosema kaka wa Malindi Wataliano nao walifanya hivyo. Kwa hivyo tafuta picha za Riihimäki, umbo kwa umbo, hesabu mapindo na upime urefu. Zile bangili haziwi za kubahatisha, kalibu ni ileile, pana iko palepale. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1990, leo mjini hapo pana makumbusho ya vioo ya Finland.

Ya moshi sasa, hiyo ndiyo yanikosesha usingizi. Mwenyewe alikuwa Mdenishi, kioo rangi ya moshi, kizito, kimekwaruzwa chini. Shika tochi ya simu iweke ubavuni kabisa, si kwa juu, upitishe mwanga ukiwa umelala. Bado hukuoni, chovya kidole kwenye unga wa ngano upake pale chini halafu ufute polepole, unga utabaki ndani ya mikwaruzo. Tafuta neno Holmegaard na herufi PL. Holmegaard ni jina la kiwanda cha vioo cha Denmark kilichoanzishwa 1825, na PL ni Per Lütken, mbunifu wao, alianza kazi pale 1942 na hakuacha mpaka alipofariki 1998, yaani mtu mmoja kiwanda kimoja maisha yote. Vya miaka ya 50 waliandika mwaka umegawanywa na herufi zake katikati, 19 halafu PL halafu 58 kwa mfano. Kwa hivyo ukisoma namba usidhani ni mbili tofauti, ziunganishe.

Alikuwa apenda kioo kionekane bado ni majimaji, kama kimesimama tu kidogo kitaendelea kuteremka. Ukikishika utajua.

Ya udongo yenye manyoya, angalia kama ina taji tatu ndogo na herufi R. Hiyo ni alama ya Rörstrand, kiwanda cha vyombo vya udongo cha hapa Uswidi kilichoanzishwa 1726, na rangi ya kuteremka kama manyoya walikuwa hodari nayo sana. Ikiwa na CHS basi ni ya Carl-Harry Stålhane, mbunifu wao. Na cha ajabu ni kwamba ule ufundi wa rangi ya manyoya wenyewe waliutoa China, bakuli za chai za zamani sana za kule zilikuwa na rangi hiyohiyo. Mwambie halati yako!

Ukungu: kwanza siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, iache usiku kucha. Maji ya visima vya Amu yana chumvi na chokaa mwajua wenyewe, mara nyingi ukungu ni hiyo tu. Asubuhi tia mchele mbichi kiganja kimoja na siki kidogo uzungushe taratibu, usitumie mchanga wala waya wa sufuria maana utakwaruza na mkwaruzo hautoki. Usitie maji ya moto, kioo kinene hupasuka. Sasa ikiwa ikilowa yaonekana safi halafu ikikauka ukungu warudi, hapo kioo chenyewe kimeliwa, siki haitasaidia, iweke tu maua makavu uishi nayo. Na ya udongo usiilowanishe kabisa, ifute kwa kitambaa.

Kijana_wa_Langoni

Mi naona auze moja jamani, karo za Januari hazingoji. Auze ile ya kijani abaki na mbili, hata yule mama hatakasirika.

VyomboMalindi

Kijana hujakosea, lakini ajue bei kwanza. Na bei usiangalie zile watu wanaandika wanataka, mtu anaweza kuandika chochote. Angalia zilizouzwa kweli. Na ufa, hata wa unywele, na mdomo uliomeguka vyashusha bei sana kwa hivyo pitisha ukucha mdomoni mzima kabla.

FundiChokaa_Amu

Mamangu, mimi ni fundi wa chokaa hapahapa, nimetengeneza zidaka nyumba nyingi tangu ujana wangu nikimfuata marehemu baba. Nataka kumjibu halati kwa heshima.

Zidaka tangu kale ni mahali pa vitu vilivyokuja na bahari. Zile sahani za Kichina si za hapa, zililetwa. Pale Mambrui kuna kaburi la nguzo limetiwa bakuli za Kichina ukutani, na Gede, ule mji wa kale uliobaki magofu, wamechimbua vipande vya kaure vya Kichina tele. Wazee wetu walichukua kilichokuwa kizuri wakakipa nyumba. Kwa hivyo chombo cha udongo cha Uswidi chenye rangi iliyotoka China kikikaa kidakani mimi naona kimefika kwao.

Ila si vyote vitatu. Zidaka ziko ndani, mwisho wa nyumba, pale hapana jua. Sahani hung'aa hata kwenye giza kwa sababu nyeupe yake yashika mwanga mdogo wa mlangoni. Kioo cha rangi hakiwezi hivyo, kioo hula mwanga kutoka nyuma, ukikitia kidakani cha kijani kitaonekana cheusi na cha moshi hutakiona kabisa. Kioo kiweke upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwenye daka (baraza ya mlangoni) au dirishani pale jua la asubuhi laingia, nyuma yake kuwe na ukuta wa chokaa mweupe mtupu. Usipange na kitu chengine. Saa tatu asubuhi utaona kijani kimelala ukutani kama maji.

Ile ya udongo ndiyo iende ndani, kidaka cha katikati, peke yake. Pima kidaka kwanza kwa karatasi uliyokata sawa na kimo chake, maana zidaka zetu za juu ni fupi na mkono ukilazimisha wagonga plasta, plasta yamwagika, chombo chakwaruzika. Chini yake weka kipande cha ukindu uliosukwa mwembamba, chokaa yetu hutoa unga.

Paka sasa. Na upepo wa kusi. Chukua nta ya nyuki, finyanga vidonge vitatu kama punje ya kunde, bandika chini ya chombo, kandamiza ukizungusha kidogo. Kitashika hata paka akijisugua, na ukitaka kukitoa wazungusha tena chatoka. Usitie mchanga ndani ya kioo kutafuta uzito.

Maua. Yetu mengi hayana kikonyo, asumini na kilua ni vya kutunga, havisimami kwenye vesi. Hiyo ya bangili ina mdomo mwembamba, tia tawi moja la mwarobaini, lanyooka na lakaa siku nyingi. Hiyo ya moshi mimi ningeiacha tupu.

Jambo moja la kisheria nalo mlijue nyote. Vesi hizi ni za juzi, ukitaka kuuza uza ni mali yako. Lakini ikiwa halati ana zile sahani za kweli za zamani msimuuzie mtu wa kupita. Sheria ya makumbusho ya 2006 yahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kina taratibu zake, nendeni mkaulize makumbusho pale mbele ya bahari.

BintiMkomani

Jamani Mungu awalipe kheri. Nimefanya yote tangu juzi.

Siki imetoa ukungu karibu wote, umebaki mstari mmoja tu pale maji yalipokuwa yakifika. Nimepima mdomoni tabaka mbili nimeziona, kijani ndani nyeupe nje. Picha nimepata moja yenye bangili zilezile hesabu kwa hesabu, iliyo pana ya tatu kutoka juu, kaka wa Malindi nitakutumia unihakikishie.

Ya udongo ina taji tatu. Herufi zake zimezibwa na rangi, R nimeiona, nyengine bado.

Ya moshi tulipaka unga usiku, mimi na kijangu, yeye ashika simu mimi nafuta. Ikatoka polepole, Holmegaard, halafu 19, halafu PL, halafu 59. Yule mama alizaliwa 1959, nilikuwa nikimpikia keki kila mwaka. Kijangu ndiye aliyesema mama hii tusiuze.

Yule mnunuzi alirudi leo asubuhi kataja elfu nne, nimemwambia siuzi. Halati kaja alasiri kakuta ile ya kahawia kidakani, kasimama pale muda mrefu kisha kauliza nani kaiweka chini vile, isogezeni kidaka kimoja juu, hapa mlangoni mtu haioni. Tumesogeza. Imeingia, imebaki nafasi ya vidole viwili.

Fundi, ile nta naipata wapi hapa Amu, kwa wauza asali ama?