Watoto wananimaliza kwa maswali ya wadudu, nianzie wapi?

Baba Wawili: Wakuu habarini, nina binti wa miaka sita na kaka yake wa tisa, siku hizi kila kinachotambaa lazima waje kuniuliza baba hiki nini, kinakula nini, kinang'ata? Mi najua mende, mbu, nzi na siafu basi, vingine vyote naita dudu. Naombeni ushauri tujifunze wote, na usalama pia maana huyu mdogo anashika kila kitu.

Panzi Mkavu: Mkuu majina achana nayo kwanza, anza na miguu. Mdudu kamili ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Wape kazi ya kuhesabu, wakifika kwa buibui watakuta nane watakuja wenyewe kubisha, ndo unawaambia buibui, nge na kupe ni ukoo mwingine, na jongoo na tandu nao hawamo. Kiwavi atawachanganya, anaonekana ana miguu kibao kumbe ya kweli ni ile sita ya mbele, ya nyuma ni vishikizo tu, akiwa kipepeo havipo tena.

mzee_wa_bustani: Mi nasema sisimizi. Wakiwa kwenye mstari pitisha kidole kilicholowa katikati, utaona wanasimama wanazungukazunguka maana wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao. Huyo wa tisa hatoki hapo. Na wewe baba yao jiongeze, mfano mbu anayeuma ni jike tu, damu anaitaka kwa ajili ya mayai, dume anaishi kwa majimaji matamu ya maua.

Kibwengo: Eti mende akikatwa kichwa hafi??

mzee_wa_bustani: @Kibwengo anaishi siku kadhaa kweli, hapumulii kichwani, ana vitundu ubavuni. Ila msiwaambie watoto, watajaribu 😂

Mama K: Kaka, viwavi wenye manyoya wasiguswe, wengine wanawasha vibaya sana. Mizinga ya nyuki na nyigu wakae nayo mbali. Akichomwa na nyuki mwiba unabaki kwenye ngozi, utoe hapohapo usisubiri, ukiona uso unavimba au anahema kwa shida hiyo ni hospitali haraka. Mkimfuga kiwavi kwenye chupa toboa kifuniko, na majani yawe ya mmea uleule mliomkuta nao, wengi wanachagua, ukimpa jani lolote tu anakufa njaa huku majani yamejaa.

Baba Wawili: Asanteni sana, dada Mama K hiyo ya majani sikuijua. Sasa panzi naye anapitia ukiwavi?

Panzi Mkavu: Hapana mkuu, akitoka kwenye yai anakuwa panzi mdogo tayari, mabawa tu ndo hana. Akikua anajivua ngozi mara kadhaa mpaka mabawa yakamilike, wakiangalia vizuri kwenye majani wanaweza kukuta ganda limebaki na miguu yake yote, wape walihesabu.